HERENI SIKIO LA KULIA, KIKUKU MGUU WA KUSHOTO: UZUSHI HUU ULITOKA WAPI?



Ndugu zangu na dada zangu, somo la leo ni refu. Ukiwa na haraka, lihifadhi ulisome usiku ukitulia, maana ndani yake mna heshima za watu, na heshima ya Muislamu si kitu cha kupitiwa juu juu.

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila baada ya muda. Unakuja na picha na mishale, umepangwa kama somo la shule. Unasema: kijana akivaa hereni sikio la kulia, huyo ni shoga, akivaa la kushoto, huyo ni rijali. Mwanamke akivaa kikuku mguu fulani, anafanya mapenzi kinyume na maumbile. Akivaa pete kidole gumba, huyo ni msagaji. Kisha mwisho unaandikiwa: "Wajulishe na wengine."

Na watu wanajulishana. Mama anautuma kwa dada yake, dada anautuma kwenye grupu la kikoba, na kabla ya Isha binti wa jirani aliyevaa kikuku cha zawadi ameshapewa sifa ambayo hana.

Sisi ni umma wa isnadi. Wanazuoni wetu walisafiri miezi kwa miezi kwenda kuuliza juu ya hadithi moja: umeisikia kwa nani, na huyo aliisikia kwa nani, wapi, mwaka gani? Habari isiyo na sanad haikupata nafasi kwao. Basi leo tuufanyie ujumbe huu kazi ileile. Tuuvute mnyororo wake, tuone unatufikisha kwa nani.

1. WANAUME WA KALE NA MASIKIO YAO

Anayesema hereni ni alama ya mwanamume wa aina fulani, kwanza aieleze historia.

Mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mwanamume uliohifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 5,000. Walimpa jina Ötzi. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kupanuliwa. Kwenye jumba la makumbusho la Uingereza mjini London kuna michongo ya mawe ya wafalme wa Ashuru, watu wa vita waliotetemesha miji, nao wamechongwa wakiwa na hereni. Kaburi la Tutankhamun wa Misri, lililofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, lilikuwa na hereni ndani yake, na kinyago chake cha dhahabu kina matundu masikioni.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mzee wa Kimasai aliyetobolewa na kupanuliwa ndewe zake, pande zote mbili, hakuna aliyemhoji uanaume wake. Wazee wa Kikuyu wa zamani nao walitoboa. Kwao lilikuwa jambo la mila na la hatua za umri. Moran wa Kimasai angekushangaa ungemuuliza sikio la kulia lina maana gani na la kushoto lina maana gani.

Sizungumzii hapa halali na haramu. Hukumu tutaifikia. Ninachosema ni kwamba kwa maelfu ya miaka wanaume wa mataifa mengi walivaa kitu masikioni, na maana yake ilikuwa cheo, kabila, utajiri, umri au vita.

2. UINGEREZA: LULU KWENYE SIKIO MOJA

Mtu atasema: hao walivaa masikio yote mawili. Habari ya sikio moja ilianza wapi?

Ulaya ya karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17 ilikuwa na fasheni ya mabwana kuvaa hereni moja. Sir Walter Raleigh, baharia na mtu wa baraza la Malkia Elizabeth wa Kwanza, alichorwa mwaka 1588 akiwa na lulu sikioni. Picha inayojulikana sana ya Shakespeare, ile iitwayo Chandos, inamwonyesha na pete ya dhahabu kwenye sikio la kushoto. Mfalme Charles wa Kwanza alivaa lulu moja, na inasimuliwa kwamba hata siku aliyokatwa kichwa mjini London, tarehe 30 Januari 1649, alikwenda nayo.

Walikuwa wanatangaza nini watu hawa? Walikuwa wanatangaza mali. Lulu kubwa ilikuwa ghali, na bwana mkubwa aliitundika mahali ambapo kila anayezungumza naye ataiona. Baadaye yakaja mawigi makubwa ya nywele, yakafunika masikio, na fasheni ikafa. Hereni ikabaki kwa mabaharia. Wao nao walikuwa na hadithi zao: wengine walisema kutoboa sikio kunaimarisha macho, wengine walisema dhahabu ile italipia mazishi iwapo mwili utatupwa na bahari ugenini.

Tazameni jinsi kitu kilekile kinavyobadilika maana. Kwa Charles ni ufalme. Kwa baharia ni bima ya sanda. Sikio ni lilelile.

3. MAREKANI: MAHALI UJUMBE ULIPOZALIWA

Sasa tunakaribia chanzo. Nataka tuwe waadilifu, maana Mwenyezi Mungu ametuamuru uadilifu hata kwa tusiokubaliana nao.

Katika miaka ya 1970, kwenye miji kama San Francisco na New York, wanaume waliokuwa kwenye mahusiano ya jinsia moja walikuwa na alama za kutambuana wao kwa wao. Walihitaji alama hizo kwa sababu kujitangaza wazi kungeweza kumfukuzisha mtu kazi au kumpeleka polisi. Alama zenyewe zilikuwa hanchifu za rangi zilizochomekwa mfuko wa nyuma wa suruali, funguo zilizoning'inizwa kiunoni, na hereni. Upande wa kulia au wa kushoto ulikuwa na maana kati yao. Mwaka 1977 mpiga picha wa San Francisco, Hal Fischer, alitoa kitabu cha picha kilichoeleza alama hizo, hereni ikiwa mojawapo.

Kwa hiyo si kweli kwamba ujumbe huu umezuliwa kutoka hewani kabisa. Kulikuwa na kitu. Lakini kilikuwa nini hasa? Kilikuwa mazungumzo ya watu wachache, mitaa michache, miaka michache. Na upande haukutenganisha "shoga" na "asiye shoga". Waliokuwa na hanchifu mfuko wa kushoto na waliokuwa nayo mfuko wa kulia walikuwa watu wa kundi moja. Aliyesimama nje ya kundi akachungulia, akaondoka na nusu ya habari, akaenda kuisimulia kama kanuni ya dunia nzima.

Ndugu zangu, hapa ndipo sanad inapokatika. Kutoka kwenye mitaa ile, habari iliingia mikononi mwa watoto wa shule. Miaka ya 1980 wanamuziki na wanamichezo wa Marekani walianza kuvaa hereni kwa wingi. Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyekuwa akitazamwa na kila kijana, alivaa hereni sikio la kushoto. Vijana wakataka kuvaa kama yeye, lakini wakaogopa maneno. Ndipo ukaenea kwenye viwanja vya shule msemo kwamba kushoto ni sawa, kulia ni kosa.

Na mnajua kwa nini msemo huo ulishika? Kwa sababu ya mchezo wa maneno. Kwa Kiingereza neno moja lina maana ya "kulia" na pia maana ya "sahihi". Msemo unachekesha kwa lugha yao kwa sababu unageuza neno: kushoto ndiyo "sahihi", na kile kilichoitwa "sahihi" ndicho kosa. Ni utani wa watoto, na nguvu yake yote imo ndani ya neno moja la Kiingereza. Ukiuleta kwenye Kiswahili hauna hata utamu. Leo mtu mzima wa Tanga, Mombasa au Bujumbura anahukumu kizazi cha Waislamu kwa utani ambao hata hauchezeki katika lugha yake.

Tena utani wenyewe haukukubaliana. Kulikuwa na mahali walikosema ni kulia, na mahali walikosema ni kushoto. Wengine walisema tundu moja ndiyo tatizo, wengine wakasema mawili. Wataalamu wa hadithi wangeiita mudhtarib, habari inayojigonga yenyewe kiasi kwamba huwezi kushika upande wowote.

4. MWANASESERE WA MWAKA 1993

Kuna kisa kimoja kinachomaliza ubishi. Kampuni ya Mattel ya Marekani ndiyo inayotengeneza Barbie, na Barbie ana mwenzake wa kiume anayeitwa Ken. Mwaka 1993 kampuni ilitoa Ken mpya ili aonekane kijana wa kisasa. Walimvalisha fulana ya zambarau na mkufu wenye pete, na wakamtia hereni.

Hereni ile ilikuwa sikio gani? La kushoto. Yaani lile ambalo kwa kanuni ya viwanja vya shule ndilo "salama".

Je, kanuni ilimlinda? Haikumlinda. Watu walisema Ken huyu ni shoga, magazeti yakaandika, vichekesho vikatungwa. Akanunuliwa sana, kisha kampuni ikaacha kumtengeneza.

Fikirini hapo. Kama kanuni ingekuwa ya kweli, hereni ya kushoto ingemtoa kwenye tuhuma. Lakini anayetaka kutuhumu hatafuti kanuni. Anatafuta kisingizio, na kisingizio kikikosekana kushoto atakiona kulia. Huyo alikuwa mwanasesere wa plastiki asiye na mama wa kulia, wala mke, wala mtihani wa kesho. Je, mwanadamu?

5. PETE: SOMO KUTOKA KWENYE VITABU VYETU

Tukitoka kwenye sikio, tunakutana na pete. Wanasema pete ya kidole gumba ni alama ya usagaji, na wengine wanasema kwa mwanamume ni alama ya ushoga.

Waturuki, Waajemi, Wamongolia na Wahindi wa zama za upinde walivaa pete kwenye kidole gumba kwa kazi. Upinde wao ulivutwa kwa kidole hicho, na uzi ungekata nyama kama hakuna kinga. Waturuki waliiita zihgir. Kwenye jumba la Topkapi mjini Istanbul kuna picha ya Sultani Mehmed wa Pili, Muhammad al-Fatih, aliyeifungua Konstantinopoli mwaka 1453. Amekaa ananusa waridi. Kidole gumba chake kina pete, na mkononi ameshika hanchifu. Shah Jahan, mfalme aliyejenga Taj Mahal, naye aliacha pete ya kidole gumba ya jiwe la kijani yenye maandishi yake, na leo imo makumbushoni London. Mpelekee Muhammad al-Fatih ujumbe wako wa WhatsApp, mwambie pete na hanchifu yake vina maana gani, uone kama utaondoka salama.

Ama kwa Mtume wetu (s.a.w.), jambo la pete limehifadhiwa kwa undani. Alipotaka kuwaandikia wafalme barua za kuwaita kwenye Uislamu, aliambiwa kwamba wao hawaisomi barua isiyo na muhuri. Akachukua pete ya fedha yenye jina lake, Muhammad Mjumbe wa Allah. Baada yake ikavaliwa na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ilipodondoka kwenye kisima cha Aris mjini Madina, ikatafutwa na isipatikane. Zimepokewa riwaya kwamba aliivaa mkono wa kulia, na zimepokewa kwamba aliivaa mkono wa kushoto. Imamu an-Nawawi ameeleza kwamba wanazuoni wameafikiana kuwa mikono yote miwili inajuzu, tofauti yao ni ipi iliyo bora. Ali (r.a.) amesimulia kwamba Mtume alimkataza kuivaa kwenye kidole cha kati na kile kinachokifuata, na wanazuoni wakaeleza kuwa kwa wanaume hilo ni makuruhu. Hakuna aliyesema kwamba anayevaa huko ni mtu wa aina fulani kitandani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Suala la upande kugeuka alama ya kundi limewahi kutokea ndani ya historia yetu wenyewe. Kulikuwa na zama ambapo pete ya mkono wa kulia ilihesabiwa kuwa alama ya Mashia, na baadhi ya mafakihi wa Kihanafi wakaandika kwamba Msunni aiepuke ili asidhaniwe. Akaja Imamu al-Haskafi, mufti wa Damascus wa karne ya 17, akaitaja kauli hiyo katika kitabu chake ad-Durr al-Mukhtar, kisha akaongeza la kwake: huenda jambo hilo lilikuwepo na likapita, basi tazama vizuri.

Subhanallah. Tazama fiqhi ya mtu huyu. Hakukanusha kwamba alama huwepo. Alielewa kwamba alama za watu zina wakati na mahali, huzaliwa na kufa, na mwenye elimu hamhukumu mtu wa leo kwa alama ya jana. Alisema hayo miaka 300 na zaidi iliyopita, bila intaneti. Sisi tuna simu zinazotufikisha popote, na bado tunahukumu watu wa Kariakoo kwa alama za San Francisco za mwaka 1977.

6. KIKUKU: SHUTUMA YETU WENYEWE

Hereni na pete ni habari za kuletwa. Kikuku ni jeraha letu la nyumbani, hasa Tanzania.

Pambo la mguuni ni la kale sana kwa wanawake. Waarabu wanaliita khalkhal. Katika Suratun Nur, aya ya 31, wanawake wa Kiislamu walikatazwa kupiga miguu chini ili mapambo waliyoyaficha yajulikane, na wafasiri wameeleza kwamba makusudio ni mlio wa khalkhal. Zingatia: aya haikuwatuhumu waliovaa. Inakubali kwamba wanawake waumini wanalo pambo hilo miguuni, na ikawafunza adabu ya kulivaa. Kama kikuku chenyewe kingekuwa alama ya uchafu, aya ingesema vingine.

Hapa pwani bibi zetu walikuwa nayo majina: mtali, furungu. Haya si maneno ya jana. Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 ameeleza mapambo ya wanawake wa nyumba ile ya kifalme, masikio yaliyotobolewa tangu utotoni na mapambo ya miguuni. Nenda India na Pakistani, bibi harusi wa Kiislamu anavishwa payal na mama yake huku wanawake wakiimba.

Basi ni lini mtali wa bibi ulipogeuka kuwa ushahidi wa zinaa? Waulize wanaosema. Mmoja atakwambia tatizo ni mguu wa kushoto. Mwingine atakuapia ni wa kulia. Wa tatu atasema miguu yote ila inategemea idadi ya shanga. Mmoja anasema ni kahaba, mwingine anasema ni msagaji, mwingine anasema ni kinyume na maumbile. Mashahidi watatu, kesi moja, na hakuna wawili wanaoafikiana. Kadhi gani angeupokea ushahidi huu?

Simwambii dada yangu avae kikuku akionyeshe barabarani. Pambo la mwanamke lina mahali pake na watu wake, na aya ile imelieleza hilo. Ninasema kwamba anayekosea mahali pa kuonyesha pambo amefanya kosa hilo alilolifanya, si lile ulilolibuni wewe.

7. MANENO HAYA YANAFIKA WAPI

Kuna watakaosema: shekhe, huu si mzaha tu? Hapana, si mzaha.

Mwaka 2012 mjini Baghdad, Iraki, vijana walikuwa na fasheni waliyoiita emo: nguo nyeusi za kubana, nywele ndefu za mbele, vipini na pete. Mwezi Februari Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa tamko dhidi yao. Likaeleza nguo zao, picha za mafuvu, na pete wanazotia puani na kwenye ulimi, na ikawaita waabudu shetani. Mitaani watu wakaongeza kwamba hao ni mashoga. Yakasambazwa makaratasi yenye majina. Wiki zilizofuata vijana waliuawa, wengine kwa kupondwa vichwa kwa mawe na matofali. Baadhi ya viongozi wa dini wa nchi ile walitoka kukemea mauaji hayo, lakini waliozikwa walikuwa wameshazikwa. Ni nani aliyefanya uchunguzi wa yaliyokuwa ndani ya nyoyo zao? Hakuna. Walisomwa kwa nywele na vipini.

Na hapa kwetu neno hili si jepesi. Katika sheria ya Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kwa kosa la kinyume na maumbile kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Uganda mwaka 2023 ilipitisha sheria yenye kifungo cha maisha, na kifo kwa baadhi ya hali. Kwa hiyo ukimwandika kijana wa watu mtandaoni, picha yake na mshale kwenye sikio lake, umemsukuma kuelekea kwenye mlango huo kwa sababu ya tundu la sikio. Akifukuzwa nyumbani, akiacha shule, akipigwa na kundi la watu njiani, wewe una fungu lako.

8. MKUFU WA MAMA YETU AISHA

Umma huu umeshawahi kupewa mtihani wa pambo na tuhuma. Na mtihani ule uliingia kwenye nyumba tukufu kuliko zote.

Mama yetu Aisha (r.a.) alikuwa anarudi na jeshi kutoka vita vya Banul Mustaliq. Walipotua karibu na Madina alikwenda haja, aliporudi akagundua mkufu wake wa shanga za Yemen umekatika na kudondoka. Akarudi kuutafuta. Wabebaji wakainua hodaji yake wakidhani yumo, kwa kuwa alikuwa mwepesi, msafara ukaondoka. Akabaki peke yake mpaka alipopita Safwan bin Mu'attal aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamtambua, akampandisha ngamia wake na yeye akaongoza kwa miguu. Hawakuzungumza.

Watu waliona nini? Waliona mwanamke na mwanamume wanakuja nyuma ya jeshi. Hiyo ndiyo "alama" waliyoiona. Yaliyobaki waliyajaza wenyewe. Kwa muda wa mwezi mmoja Madina ilichafuka. Aisha aliugua, alilia mpaka akadhani ini lake litapasuka. Mtume (s.a.w.) aliumia. Kisha zikashuka aya za Suratun Nur kumtakasa, kuanzia aya ya 11, na ndani yake Waumini wakalaumiwa: mbona mlipolisikia hamkuwadhania wenzenu kheri? Mbona hawakuleta mashahidi wanne? Mlikuwa mnalipokea kwa ndimi zenu, mnalidhania dogo, na kwa Allah ni kubwa.

Hayo ni maana ya aya kwa maneno yangu. Nenda kaisome sura yenyewe usiku huu.

Angalieni watu wawili katika kisa hiki. Mistah bin Uthatha alikuwa Swahaba mwema, mpiganaji wa Badr, ndugu wa Abu Bakr kwa nasaba. Hakuutunga uzushi. Alipeleka tu, kama wewe unavyobonyeza kitufe cha kutuma. Imepokewa kwamba alikuwa miongoni mwa waliochapwa. Na Zainab bint Jahsh, mke mwenza wa Aisha, ambaye kibinadamu angekuwa na sababu ya kufurahi, alipoulizwa alisema analinda masikio yake na macho yake, na hajui kwa Aisha ila kheri. Mmoja alipeleka, mmoja alijizuia. Chagua uwe nani.

9. HUKUMU KWA UFUPI

Kwanza, mwanamume na hereni. Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas. Kwa msingi huo wanazuoni wengi wamemkataza mwanamume kutoboa sikio kwa ajili ya pambo, na dhahabu ni haramu kwake popote aivae. Lakini tazameni: fiqhi haikuuliza ni sikio gani. Mzazi anayemwambia mwanawe "vaa kushoto, hakuna neno" ameacha fiqhi na kufuata kiwanja cha shule cha Marekani. Uzushi huu una madhara mawili: unamtuhumu asiye na hatia, na unampa ruhusa ya uongo mwingine.

Pili, kutuhumu. Aya ya 4 ya Suratun Nur imeweka viboko 80 kwa anayewasingizia wanawake wenye kujihifadhi asilete mashahidi wanne, na wanazuoni wakaingiza wanaume katika hukumu hiyo. Jamhuri ya mafakihi wanahesabu kumsingizia mtu liwati kuwa ni kadhfu kamili, na Abu Hanifa ameona anayesema hivyo atiwe adabu na kadhi. Na Imamu Malik amesema hata kufumba, kusema kwa mafumbo yanayoeleweka, ni kadhfu. Wewe unayeweka picha ya mtu na kuandika chini yake "mwenye macho haambiwi tazama", fahamu kwamba Imamu wa Madina ameshakutaja.

Tatu, dhana. Usama bin Zaid alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada, akasema aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama aliupasua moyo wake akajua. Ikiwa shahada iliyotamkwa na mdomo hatukuruhusiwa kuikataa kwa kubahatisha yaliyo moyoni, vipi tubahatishe ya chumbani kwa kipande cha bati sikioni?

Nne, nasaha. Ukimwona kijana wako na hereni, kaa naye faraghani, mweleze hukumu kwa upole, bila jina baya. Ukimwita jina lile mbele ya wenzake, utakuwa umemfukuza msikitini kwa mkono wako, na hatokusikiliza tena hata ukisoma Qur'ani.

Ujumbe ule ukikufikia tena, na utakufikia, usiutume. Muulize aliyekutumia swali moja tu: sanad yake iko wapi? Kisha mtumie hili.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, zisitiri aibu zetu kama tunavyositiri za ndugu zetu, na uwape subira wote waliotuhumiwa kwa wasiyoyatenda. Amin.

Wallahu a'lam.